Mstari wa Mwisho wa Babu

Siku Babu alipotutoka ilikuwa Jumanne. Nilirudi kutoka shule kama kawaida, nikavua viatu na kwenda kuchukua ufagio katika gereji iliyo nyuma ya nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa. Sikuwahi kuuona umefungwa mchana. Shangazi alikuwa amekaa kizingitini na ovaroli yake, mikono imejaa grisi, hafanyi kitu.

"Moyo wake umesimama, Bisibisi," aliniambia. "Alikuwa ameketi tu kwenye kiti chake. Chaki ilikuwa bado mkononi."

Bisibisi ndilo jina alilonipa Babu. Alisema mimi ni mwembamba, na popote nikiwekwa lazima nizunguke.

Babu alikuwa fundi wa pikipiki, hasa zile ndefu za kupandia milima, zenye matairi ya meno. Alipotengeneza kabureta alibadilisha kitu kimoja tu, akawasha injini, akasikiliza, kisha akaandika ukutani kwa chaki. Hakubadilisha viwili kwa pamoja hata mteja angempigia magoti. "Ukibadilisha viwili," alisema, "utamshukuru nani, utamlaumu nani?" Ukuta wetu ulijaa mistari yake. Ule wa mwisho, alioandika Jumanne ileile, ulihusu pikipiki nyekundu ya Shangazi: *Jeti 120. Chujio safi. Anapumua.* Babu hakusema injini inapumua. Alisema anapumua, kama vile anamzungumzia mtu.

Wiki sita baadaye yalikaribia mashindano ya kupanda kilima cha machimbo ya kokoto. Kila mwaka Shangazi alishiriki, na Babu alimsubiri kileleni na chupa ya maji.

"Mwaka huu nitapanda na mashine vilevile Baba alivyoiacha," alisema Shangazi. "Sibadilishi hata skrubu."

Alhamisi alinipa kabureta niisafishe. Kabureta ni jiko la pikipiki. Humo hewa na mafuta huchanganywa. Jeti ni kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, na mafuta hupita hapo; namba yake huonyesha ukubwa wa tundu. Tundu likiwa dogo mno, injini hushinda njaa. Likiwa kubwa mno, injini huvimbiwa, hukohoa na kutoa moshi mweusi.

"Jeti uipulize kwa upepo wa kompresa tu," alisema Shangazi akielekea dukani kununua vipuri. "Kitu kigumu kisiingie humo. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Nilipuliza. Uchafu uling'ang'ania. Nikapuliza tena. Rafiki yangu alikuwa ameegemea uzio, kamba ya kurukia begani.

"Bisibisi! Tunakungoja wewe tu, au umeolewa na hiyo pikipiki?"

"Nakuja!"

Nikachomoa waya mmoja kutoka kwenye brashi ya chuma, nikauingiza kwenye tundu na kuuzungusha. Uchafu ukatoka. Pamoja nao ukatoka unga wa shaba, ukang'aa kwenye kidole changu. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimelipanua tundu ambalo Babu alilichagua kwa mikono yake. Nikafuta kidole kwenye sketi, nikairudisha jeti mahali pake na kwenda kuruka kamba. Siku hiyo nilijikwaa kila mruko.

Ijumaa baada ya shule, Shangazi aliijaribu pikipiki kwenye mteremko wa nyuma. Alipovuta mafuta, injini ilikohoa na kutema wingu jeusi.

Jirani yetu Pancha, fundi wa baiskeli, alitoa kichwa kibandani mwake. "Dada, unaunguza maharage humo ndani?"

"Wewe Pancha, ziba matairi yako!"

"Mimi nazibaziba, lakini baiskeli zangu hazikohoi!"

Shangazi alicheka, ila alipofungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha injini, kicheko kikakatika. Ilikuwa nyeusi kama tako la chungu. Akaosha chujio la hewa, akajaribu. Moshi. Akashusha sindano ya kabureta hatua moja ili mafuta yapungue, akajaribu. Kikohozi kikapungua kidogo, lakini kwenye mteremko injini ikazimika kabisa.

"Bisibisi, ile jeti uliipuliza tu?"

"Ndiyo, Shangazi."

Neno liliniponyoka kama sabuni. Shangazi akaniamini papo hapo, na huko kuaminiwa kuliniuma kuliko kofi.

Akasimama mbele ya ukuta. "Basi Baba alikosea," alisema polepole. "Alikuwa amechoka siku ile. Labda sikio lake lilishamwacha nasi hatukujua."

Akachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji, akapanda juu ya stuli na kuinua mkono kwenye mstari wa mwisho. Tone la maji likadondoka likapita kando ya neno "Anapumua".

"Usifute!"

Hata Pancha aliacha kujaza upepo.

"Babu hakukosea," nilisema, machozi yakinitoka. "Ni mimi. Nilitumia waya. Nilitaka kwenda kucheza."

Shangazi alishuka. Alifungua kabureta, akatoa jeti, kisha akachukua jeti nyingine ya 120 kutoka kwenye kopo la Babu. Akaziinua zote mbili dirishani.

"Tazama."

Moja ilikuwa na tundu la mviringo, safi kama la sindano. Ya pili tundu lake lilikuwa limepanuka, lina mikwaruzo pembeni. Tofauti kati ya matundu hayo haikuzidi unywele.

"Utanichapa?"

"Nikuchape kwa ajili ya jeti? Jeti zimejaa kopo." Akakaa kwenye kiti cha Babu, mara ya kwanza tangu Jumanne ile, akanivuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kuharibu ni sehemu ya ufundi. Mimi niliwahi kuvunja kabureta nzima, na babu yako akaniambia nifagie vipande tu. Lakini uliponificha, ulinituma kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Leo ningefuta mstari wa baba yangu. Kesho ningefuta na wa juu yake. Fundi akidanganya, ukuta wote unakuwa uongo."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Haya, kazi ni yako. Kimoja kimoja."

Kwanza niliirudisha sindano mahali Babu alipoiweka. Kisha nikafunga jeti mpya, taratibu, bila kuibana kupita kiasi. Shangazi akapiga kiki. Injini ikashika mara moja, ikaunguruma bila kikohozi. Akapanda mteremko na kurudi, akafungua plagi na kunionyesha. Ilikuwa na rangi ya ganda la karanga, rangi ya injini iliyoshiba bila kuvimbiwa.

"Maharage yameiva!" alipiga kelele Pancha.

Jumamosi kilele cha machimbo kilijaa watu. Nilisimama pale Babu alipokuwa akisimama, chupa ya maji mkononi. Nilimsikia Shangazi kabla sijamwona. Pikipiki yake naitambua kwa sauti. Alifika wa tatu, uso umepakwa vumbi, meno tu yanaonekana. Pancha alicheza peke yake, bila muziki, hadi viatu vikamtoka.

Shangazi alivua kofia, akanywa maji yote, akasema neno moja: "Anapumua."

Tuliporudi gerejini alifungua droo na kunipa kipande cha chaki, kifupi kama kidole gumba. Kilikuwa kile cha Babu. Niliandika chini ya mstari wake: *Jeti 120 mpya. Ya zamani niliiharibu mimi kwa waya.*

Mistari yote miwili ipo hadi leo. Siku hizi, kabureta ikifunguliwa gerejini kwetu, Shangazi husikiliza, nami huandika.