Mulika Miguu Kwanza

Saa kumi na moja jioni Joël aliondoka Kakoba, Mbarara, na beseni jipya limefungwa juu ya tangi la pikipiki. Ndani yake alikuwa ameweka pamba, wembe na vitenge viwili vya kumpokelea mtoto. Simu yake nayo aliifungia humo humo, isije ikaanguka njiani. Mkewe, Constance, alikuwa amebakiza siku chache tu. Mimba mbili zilishatoka kabla ya hii, na safari hii walikubaliana: uchungu ukianza, Joël atambeba mpaka kituo cha afya Kashojwa, hata giza likiwa limeingia. Ndiyo maana alinunua taa.

Angalau ndivyo alivyomwambia mkewe. Ukweli ni kwamba Joël alikuwa na ugonjwa wa kupenda kuonekana, na zile taa mbili za LED, nyeupe na kali, zilikuwa dawa yake.

Faizo, fundi wa Kakoba, alizifunga wiki mbili kabla, tena kwa akili. Aliweka fyuzi karibu na betri, akaweka rilei ya kubeba umeme mwingi na swichi ya peke yake, akapitisha waya mbali na bomba la moshi. Kisha akasimamisha pikipiki hatua kumi kutoka ukutani, akainamisha taa mpaka mwanga ukaishia chini ya kiuno cha mtu.

"Ssebo, hizi ziko kubwa kwa pikipiki yako," alisema. "Chukua za wati kidogo, ile taa ya zamani nayo ibaki inafanya kazi. Na hizi nati usiguse. Mwanga ukipanda juu unapofusha watu, na hapa chini mbele yako hauoni kitu."

Joël aliitikia vizuri tu. Alipofika kwake Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akafuata kichwa chake. Aliichomoa balbu ya zamani ili betri isichoke. Akachukua spana, akalegeza nati, akazielekeza taa juu.

Jioni ya tatu zilimpiga machoni bibi Nyiransengimana, aliyekuwa anatoka kisimani na jerikeni lake. Bibi aliinua mkono, akarudi nyuma hatua moja, akatumbukia mtaroni. Joël alisikia jerikeni likipasuka. Hakusimama. Alicheka, Mungu amsamehe kama anaweza.

Sasa, jioni hii, jua lilikuwa limezama alipopita Kashojwa. Mwanamke mzee aliyejifunika kitenge kichwani alimpungia.

"Unanibeba mpaka Rubondo?"

"Panda, mama."

Alipanda. Kiti hakikushuka hata kidogo. Harufu ya tope lililolala mtaroni ikamjia Joël puani, akadhani ni upepo wa ziwani.

Waliondoka. Kisha sauti ikamnong'oneza sikioni, karibu mno...

"Taa yako iko kali, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Inaona mbali."

"Na miguu ya batu, inaionaka?"

Joël alitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

"Kwetu, ukikuta mutu ku njia magaribi, unaanza kumulika miguu. Mutu muzima iko na miguu. Ile kitu yenye haina miguu inavaaka sura ya mutu unapenda. Itakuita jina. Usisimame."

"Mama, kwa nini unaniambia..."

Alipapasa nyuma kwa mkono mmoja.

Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimelowa.

Joël alivuta mafuta mpaka injini ikalia. Mikaratusi ilipita kushoto na kulia. Ndipo taa zikamnasa mwanamke katikati ya barabara, mkono mmoja juu, mwingine chini ya tumbo.

Alikuwa Constance. Uso wake ulikuwa mweupe kwa mwanga, mdomo wazi.

"Joël!"

Aliangalia chini. Aliona uso, akaona kifua, akaona tumbo. Chini ya tumbo palikuwa peusi tii.

Hapakuwa na miguu.

"Joël! Joël, simama!"

Alimkwepa, akapita, analia kwa sauti kama mtoto. Jina lake lilimfuata mara tatu, kisha likanyamaza.

Nyumbani alikuta kufuli mlangoni. Eliane, jirani yao, alitoka mbio na taa mkononi.

"Constance iko wapi?" Joël aliuliza.

"Haukumukuta? Uchungu ulimushika tangu saa kumi na mbili. Tulikupigia simu mara mingi! Alisema anakufuata ku njia, utamukuta tu na taa yako."

Alirudi. Sijui alirudije. Aliposimama penye mikaratusi, zile taa za kujivunia zilimulika matawi, na chini hakuona chochote. Ilibidi afungue beseni, atoe simu, awashe tochi yake ndogo.

Miguu ilikuwepo. Yote miwili, imejaa vumbi, kandambili moja imekatika.

Constance alikuwa mtaroni. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshazaliwa. Hakuwa amelia.

"Uliniona?" Constance aliuliza.

"Hapana. Sikukuona."

"Uliniangalia mu macho, Joël."

Walimzika mtoto asubuhi. Constance alirudi kwa dada yake bila kuaga, na Joël, kwa uchungu na hasira, akaenda kubisha kwa Nyiransengimana, maana sasa aliitambua sauti iliyomnong'oneza njiani. Alifungua Anselme, mwanawe.

"Mama yako alipanda pikipiki yangu jana!"

"Mama?" Anselme alimtazama kwa huruma. "Tangu aanguke mu mutaro hajasimama. Kiuno kilivunjika."

Bibi alikuwa kitandani na tochi ndogo. Aliwasha, akammulika Joël miguu. Akaipandisha polepole mpaka usoni, akazima.

"Ni weye," alinong'ona. "Nilikuambia vizuri."

Miguu yake ilichungulia mwisho wa blanketi. Wa kushoto haukuwa na kidole gumba. Nyayo zote mbili zilikuwa nyekundu kwa vumbi la barabarani.

"Namunawisha kila asubuhi," Anselme alisema kwa sauti ndogo. "Kila asubuhi nakuta vumbi."

Siku hiyo hiyo Joël alirudisha balbu ya zamani. Akapima hatua kumi kutoka ukutani, akainamisha taa kama Faizo alivyomfundisha, akakaza nati kwa nguvu zake zote. Sasa hazimpofushi mtu. Zinaonesha chini tu, vizuri sana, kila jiwe.

Na kila magharibi, penye mikaratusi, zinaonesha miguu miwili mikavu ikitembea polepole mbele ya gurudumu. Wa kushoto hauna kidole gumba. Juu ya magoti ni giza, na Joël hathubutu kuinua taa.

Pembeni yake kuna miguu mingine. Ni midogo sana, laini, ya mtu ambaye hakuwahi kukanyaga chini. Siku za kwanza ilikuwa inayumba. Siku hizi inakanyaga imara.

Jana ilikuwa imesimama, vidole vimemwelekea Joël.