Pole ya Zuura

Kiangazi, tukiwa malishoni mlimani, farasi jike hukamuliwa kila baada ya saa mbili. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anamshika mtoto wa farasi karibu na mama yake, mwingine anakamua. Siku hiyo Burul alikuwa akikamua. Zuura, binti wa miaka kumi na minne, alishika kamba.

Mara Zuura akaiachia kamba. Mtoto wa farasi akaruka, ndoo ikapinduka.

"Una nini wewe?" Burul aliuliza.

"Sina kitu, wifi."

Wifi huyo ndiye aliyemzaa. Kwetu mtoto wa kwanza hupewa babu na bibi, nao humlea kama mtoto wao wenyewe. Kwa hiyo Zuura alimwita bibi yake mama, na baba yake mzazi, Mukash, alimwita kaka. Babu alitangulia zamani; majira ya baridi yaliyopita bibi naye alifariki, Zuura akarudi kwa wazazi wake. Tangu hapo neno lake ni moja: sina kitu.

"Kiburi hicho," Mukash alisema. "Jumapili namshusha mjini kwa shangazi yake."

Moyo wa Burul uliuma. Mtoto huyu alichukuliwa mara moja. Sasa anakwenda tena?

Mchana muuguzi Sonun alipita kwa farasi, akitoka kuchanja watoto wa jirani. Alipewa bakuli la maziwa ya farasi yaliyochachuka. Mukash akamlalamikia kiburi cha Zuura, kisha akaanza kujisifu jinsi alivyompata farasi wake aliyepotea.

"Siku mbili tu. Niliwaambia wachungaji wote: jike, rangi ya mchanga, mstari mweusi mgongoni, mguu mmoja mweupe wa nyuma."

"Na kama ungesema 'farasi' tu?" Sonun aliuliza.

"Farasi tu? Dada, bonde zima ni farasi. Nani angemjua?"

"Na binti yako unasema 'kiburi' tu. Huyo naye utampataje?"

Burul akasogea karibu.

"Tufanyeje, dada?"

"Usimsimamie kichwani ukimhoji. Hata mimi ningesema sina kitu. Zungumza naye mikono ikiwa kazini. Anza wewe, taja lako: hofu, aibu, wivu, chochote kilicho kweli. Kisha muulize lake. Akikosa jina, mtajie mawili matatu, achague mwenyewe. Akisema, usimkemee, wala usikimbilie kumwambia yatakwisha. Msikilize. Ila akiacha kula au kulala, au akisema hataki kuishi, mlete kwangu siku hiyohiyo."

"Nitaje wivu mbele ya mtoto? Heshima itabaki?"

"Jaribu uone."

Wakati wa kukamua ulipofika, Zuura alishika kamba, Burul akaanza kukamua. Kisha akasema, "Mimi nina wivu."

Zuura aligeuka. "Wivu? Na nani, wifi?"

"Na marehemu. Yeye ulimwita mama. Naona aibu kusema hivi, maana alikulea vizuri."

Zuura alimtazama sana. Hakujua kwamba watu wazima nao wana mambo hayo.

"Na wewe?" Burul aliuliza. "Ni hasira? Ni upweke? Ni majonzi?"

"Si hasira." Zuura alifikiri. "Kifua kinanibana. Mama alipokufa, watu walimpa pole kaka. Wakakupa pole wewe. Mimi niliambiwa nimimine chai. Wote walisema bibi yake amekufa. Mimi nilifiwa na mama."

"Majonzi, basi."

"Majonzi. Na hofu. Mkinichoka, nitakwenda kwa nani?"

Burul alitaka kusema yatakwisha. Akajizuia. Alilia tu, na Zuura akalia naye. Maziwa hayakufika hata nusu ndoo.

Mukash alipoelezwa, alivaa kofia yake nyeupe, akatoka hemani, akaenda mpaka walipofungwa farasi. Akarudi akilia kwa sauti, kama wanaume wetu wanavyoingia nyumba yenye msiba. Akapiga magoti mbele ya Zuura.

"Pole kwa kufiwa na mama, binti yangu. Nimechelewa."

Jumapili hakuna aliyeshuka mjini.

Wiki mbili baadaye Sonun alipita tena, akamkuta Mukash akimwuliza Zuura, kama mtu anayemtafuta farasi aliyepotea, swali lao la kila asubuhi: "Leo una rangi gani?"

"Nina hamu na mama. Na furaha kidogo. Wewe je, kaka?"

"Mimi?" Mukash alikuna kichwa. "Sina kitu."

"Sina kitu si rangi, kaka."

Burul akacheka. Mukash akainamisha kichwa.

"Haya. Nina hofu. Shule zikifunguliwa utashuka, na mimi nimeshakuzoea."