Tundu la Sindano Kwenye Jicho la Kipa

Kila siku akitoka shule, Ailén alikuwa na kazi tatu kabla hajagusa daftari: kuchemsha maji ya chai ya majani ya yerba, kumpelekea babu yake kikombe na mrija wake wa bati, kisha kuketi dirishani apige picha za kadi za kuuza mtandaoni. Babu Evaristo alikuwa na kopo zima la kadi za mviringo za wachezaji mpira, alizozikusanya utotoni hapo hapo mjini Rosario, Argentina. Enzi zake watoto walizirusha ukutani. Kadi yako ikiangukia ya mwenzako, umeila. Siku hizi watu wazima wenye ndevu zao huzigombania mtandaoni.

Pesa ya kadi ilikuwa na kazi moja tu: kumnunulia Babu kifaa cha kusikia. Redio yake ilisikika mpaka kwa muuza mikate kule barabarani, na bado yeye alilalamika kwamba betri zimekwisha.

Kadi ya thamani kuliko zote ilikuwa ya kipa mwenye masharubu. "Hii niliirusha mara moja tu," Babu alikuwa amemwambia. "Ukingo ukabonyea, nikalia wiki nzima."

Ailén alisikia vizuri. Masikio yake hayakuwa na tatizo. Lakini alipoandika tangazo, aliandika: *Haijawahi kurushwa ukutani.* Kisha akausugua ukingo kwa mgongo wa kijiko mpaka ukalala. Kadi ilinunuliwa siku ileile.

Jumatatu iliyofuata ujumbe wa mnunuzi uliingia kwenye simu, moja kwa moja, bila kupitia soko la mtandaoni walikouziana.

*Wewe ni mwongo. Ukingo umebonyea, tazama picha. Rudisha pesa yote kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwenye akaunti ya dada yangu. La sivyo, nitawatangazia wakusanyaji wote wa nchi hii. Kadi usiiulizie, nimeitupa kwa hasira.*

Uso wa Ailén uliwaka moto. Hakujiuliza ni nani anayetupa kitu cha bei kama ile. Hakujiuliza dada mtu ametoka wapi. Aliliona neno moja tu, "mwongo", kwa sababu lilikuwa la kweli.

Alimwonyesha Brisa, rafiki yake wa nyumba ya jirani.

"Mlipe, mambo yaishe," Brisa alisema. "Babu yako hasikii, atajuaje?"

Tatizo ni kwamba akaunti ilikuwa ya Babu, na simu haikutoa pesa bila dole gumba lake. Basi saa nane mchana, saa ambayo majirani wote wa ushoroba wao wa nyumba zilizoshikana hulala na hata mbwa hawabweki, Ailén alinyata hadi kwenye kiti cha Babu. Babu alikuwa akikoroma. Alilishika dole gumba, akalisogeza polepole kuelekea kwenye simu.

Babu alifumbua jicho moja. "Unanipima pete?"

Ailén alitamani sakafu immeze. "Nilidanganya," alinong'ona.

"Eee? Paza sauti, malkia wangu. Hata nzi anakushinda."

"Nilidanganya, Babu."

"Eee?"

"NILIDANGANYA! KADI YA KIPA! NILISEMA HAIJAWAHI KURUSHWA! NA SASA NILITAKA KUKUIBIA KIDOLE!"

Milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine. Bibi Nélida, bibi yake Brisa, alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta: "Evaristo! Mtoto anasema alidanganya!"

"Nimesikia, Nélida! Mwaka huu wote, hilo ndilo nililosikia vizuri!"

Lakini Babu hakucheka. Hilo ndilo lililomuuma Ailén kuliko yote. Alisoma ujumbe, akachukua kioo chake cha kukuzia maandishi, akaikazia macho picha ya mnunuzi.

"Kipa huyu si wangu," alisema. "Sisi watoto wa mtaa huu kila mmoja alitia kadi zake alama, zisiibwe mchezoni. Mimi nilitoboa jicho la kushoto kwa sindano ya mama. Leta picha uliyopiga wewe."

Waliikuza. Katika jicho la kushoto palikuwa na nukta ya mwanga, ndogo kama chembe ya chumvi. Kwenye picha ya mnunuzi jicho lilikuwa zima.

"Amepiga picha kadi nyingine!" Ailén aliruka. "Kumbe mwongo ni yeye!"

"Keti. Waongo hapa ni wawili, na mmoja anakunywa chai yangu."

Ailén aliketi. Babu alitaja maneno, Ailén akaandika, safari hii kule kule sokoni ambako wasimamizi wangesoma: *Ni kweli kadi ilirushwa mara moja, nami niliandika uongo. Naomba radhi. Irudishe kwa njia ya soko, na pesa yote itarudi kwa njia hiyohiyo. Ila picha uliyotuma ni ya kadi nyingine. Yetu ina tundu kwenye jicho la kushoto.*

Mnunuzi hakujibu. Wasimamizi walimpa siku kumi arudishe kadi. Hakurudisha, wakayafuta madai yake. Ailén naye aliandika upya matangazo yote: *Imerushwa sana. Pembeni imetafunwa na panya.* Ziliuzwa polepole, lakini ziliuzwa.

"Yule hakujua kama ulidanganya," Babu alimwambia siku walipokwenda kuchukua kifaa. "Neno hilo huwarushia watu wengi. Kwako lilinasa kwa sababu lilikuta pa kunasia. Ungeandika ukweli, ungemjibu 'rudisha kadi kwanza', ukaendelea na chakula chako. Na ukikosea, njoo kwangu mapema. Aibu unayoificha ndiyo inayomfungulia mwizi mlango."

Walipofika nyumbani, Babu aliinua kidole. Sauti ya Bibi Nélida ilikuwa ikipenya ukutani: "…kalishika dole gumba la babu yake, nakwambia, hivi!"

"Kumbe bado wanasimulia?"

"Kila siku, Babu. Mwezi wa pili huu."

"Na ulikuwa ukiyasikia peke yako."

Babu alikivuta kiti chake mpaka karibu na ukuta, akapiga kiti cha pili kwa kiganja.

"Lete chai, malkia. Sasa tutasikia wawili."