Mke Asiyetokea Jukwaani

Noemí Sverdlik na Fabricio walikutana kwenye foleni ya pitsa, barabara ya Corrientes, Ijumaa ya baridi kali, watu wametoka kwenye kumbi za maigizo wakisukumana kwenye kaunta. Noemí, koti la kijani na skafu ya manjano, alikuwa akimweleza rafiki yake kwamba mfalme wa mchezo waliotoka kuutazama hakumwogopa adui, alimwogopa mama yake. Mwanamume aliyekuwa nyuma yao akacheka.

"Samahani, bibie. Mfalme mwenyewe ni mimi, na habari za mama ndiyo kwanza nazisikia."

Walikula wamesimama, wakapendana. Noemí alikuwa mchambuzi wa nafsi. Kutwa alisikiliza watu waliojilaza kwenye kochi lake. Jioni walikwenda kutazama michezo, na kila pazia liliposhuka alimfafanulia Fabricio siri za kila mhusika. Fabricio alimtania, akimwita "daktari wangu."

Kisha Fabricio akaandika mchezo wake mwenyewe, wa mume anayeandaa meza kila jioni kwa ajili ya mke aliyeondoka. Usiku mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza, Noemí alimkumbatia, akamwambia yule mke ni mama yake Fabricio, aliyemwacha akiwa mdogo.

Fabricio akaweka glasi chini. "Ulilia?"

"Nilielewa."

"Sikukuuliza hilo."

Tangu usiku huo Fabricio hakumpigia simu tena. Noemí akawa anakula peke yake, redio ikiwaka ili nyumba isinyamaze. Alasiri moja mgonjwa wake akamuuliza, bila ubaya, yeye mwenyewe husikilizwa na nani. Mgonjwa alipotoka, Noemí akampigia Fabricio simu.

"Fabricio, ni mimi."

"Daktari."

"Usiniite hivyo. Nilipotazama mchezo wako nilimwona mume wangu wa kwanza akifunga mlango siku aliyoniacha. Niliona haya kulia, nikaanza kukuchambua wewe."

"Na ulikosea, mpenzi. Mama sikumwaza hata kidogo. Nilikuwaza wewe, siku utakayoniacha."

Noemí akaketi sakafuni na koti lake mwilini. Safari hii hakuwa na la kufafanua. Akamuuliza yuko wapi. Alikuwa Mendoza, mji wa mbali, na kundi lake la waigizaji, wakiigiza mji hadi mji.

"Utarudi lini?"

"Sijui kama nitarudi."

"Basi nakuja mimi."

Fabricio akamtajia jina la hoteli aliyofikia.