Kikapu Kisichokaguliwa

Kila siku Kidawa akirudi skuli, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwapelekea wazazi wake chakula Malindi, karibu na bandari ya Unguja. Hakuna cha kukaa kitako wala kucheza nage na wenzake. Alivua sare, akavaa gauni la nyumbani, akajitanda mtandio, kisha akakamata kikapu cha ukindu ambacho mama yake alikipanga tangu asubuhi: bakuli la wali, samaki wa kukaanga na chupa ya chai. Kutoka nyumbani kwao Vikokotoni alipita Darajani, akawaamkia wauza samaki, akakata vichochoro vya mjini mpaka akaisikia harufu ya karafuu. Hapo alijua amefika.

Wazazi wake wote wawili walifanya kazi kwenye lango la ghala kubwa la karafuu. Walikuwa walinzi, na si walinzi wa hivi hivi. Baba yake, Mcha, ndiye aliyeuanzisha ushirika wenyewe wa walinzi, na Kidawa alijivunia jambo hilo mpaka wenzake darasani wakachoka kumsikiliza.

Mcha aliijua shida ya ulinzi tangu ujana wake. Zamani kila tajiri alikuwa na mlinzi wake, na kila mlinzi alikuwa peke yake na fimbo yake. Akiugua, hakuna wa kumshikia zamu. Kitu kikipotea, yeye ndiye mwizi wa kwanza kutajwa. Miaka michache baada ya Mapinduzi, Mcha alizunguka nyumba kwa nyumba, Kikwajuni, Miembeni mpaka Mpendae, akawakusanya walinzi waliokuwa wametawanyika. Aliwaambia waungane, waombe kibali serikalini, wawe na sare moja na taratibu moja. Kila jioni aliwafundisha uwanjani namna ya kusimama, namna ya kupokezana zamu, na namna ya kumkagua mtu bila ya kumvunjia heshima. Watoto waliwafuata nyuma wakiiga mwendo wao, na watu wazima wakawapa jina la "jeshi la Mcha". Mtu mwingine angeona haya, akabaki nyumbani siku ya pili. Mcha alirudi uwanjani, tena na filimbi mpya.

Hilo la heshima ndilo lililowapa kazi. Ghalani mlikuwa na wanawake wengi walioketi mikekani wakichambua karafuu na kutenga makonyo, vile vijiti vyake, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumkagua mwanamke ndani ya buibui lake. Mcha akamtia mkewe, Mwatum, kwenye ushirika. Akatundika pazia la kanga ubavuni mwa lango, na kila mwanamke aliyetoka akawa anapita kwanza nyuma ya pazia hilo. Majirani walisema Mcha amemtoa mkewe nyumbani ili kumvisha mkanda wa askari. Mwatum alikaa barazani, mbele ya macho yao, akaung'arisha mkanda wake mpaka ukameta.

Mcha mwenyewe naye alikaguliwa. Kila akimaliza zamu aligeuza mifuko yake nje mbele ya Usi, mlinzi kijana kuliko wote. Usi alikuwa akitazama pembeni kwa haya, na Mcha akimwambia, "Tazama hasa, mwanangu. Usinionee haya kama bibi harusi wa watu."

Ofisi ya vibali iliwapa ruhusa ya majaribio tu, mpaka mwisho wa msimu wa karafuu. Bwana Machano, mkubwa wa ofisi hiyo, hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mali ikitoka salama, mtapata kibali kamili na maghala mengine," alisema. "Ikipotea, mvue sare zenu."

Basi kwenye lango lile kila mtu alikaguliwa, isipokuwa mmoja. Kidawa aliingia na kikapu chake na kutoka nacho bila ya kuulizwa. Hakuna aliyepitisha amri hiyo. Usi aliona aibu kumkagua mtoto wa mkubwa wake, na wazazi hawakulifikiria kabisa. Wamkague Kidawa wao kwa lipi?

Siku moja Kidawa alikuwa uani mwa ghala akikusanya vyombo. Mmoja wa wachambuzi, Bi Biasha, akamwita. Bi Biasha alikuwa mjane, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na Kidawa alimwita bibi tangu alipojua kusema.

"Kidawa!"

"Labeka, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipelekee nguo zangu hizi za kazi nyumbani. Mie mgongo huu haunipi nafasi. Ziweke juu ya kasha langu, ntakuja kuzifua."

Alimpa furushi lililofungwa kwa kanga kuukuu. Kidawa akalitia kikapuni, chini ya bakuli. Mtoto wa Unguja akitumwa na mtu mzima haulizi maswali, hutia mguu njiani. Kusema "Kuna nini humu?" kungekuwa utovu wa adabu, na Kidawa alikuwa na adabu zake. Furushi lilinuka karafuu, ni kweli. Lakini nguo za mchambuzi zingenuka nini kingine?

Siku iliyofuata alitumwa tena, na baadaye tena na tena. Bi Biasha alimpa kashata ya nazi na kumwombea dua awe na maisha marefu. Kidawa akarudi nyumbani akitafuna, roho yake nyeupe kabisa.

Msimu ulipokaribia kwisha, Kidawa alifika langoni akakuta hakuna mwenye hamu ya chakula. Msimamizi wa ghala alikuwa akipaza sauti.

"Karafuu zinapungua! Nnazipima zikiingia, nnazipima tena jioni, na kila siku hazifiki! Zinaota mbawa?"

Bwana Machano alikuwa amesimama kando, mkoba wake wa ngozi mkononi. Alimtazama Usi, kisha akamgeukia Mcha.

"Anayeshika lango saa za mchana ni kijana huyu. Mpaka Jumamosi kama hamna jawabu, huyu aondoke, na kibali msahau."

"Usi si mwizi," alisema Mcha.

"Basi mwizi nani?"

Usi, bila ya kuamrishwa na mtu, aligeuza mifuko yake nje. Hamkuwa na kitu ila leso na kipande cha muwa. Kidawa alimwonea huruma mpaka machozi yakamlenga.

Kesho yake, kabla ya kwenda skuli, alikiosha kikapu bombani. Akiwa anakisugua, kidole chake kikachomwa na kitu. Alichungulia kati ya mashono ya ukindu akaona karafuu, kisha nyingine, na nyingine zaidi zimenasa chini kabisa. Zilikuwa karafuu safi, zimechambuliwa, hazina kikonyo hata kimoja.

Kidawa alichuchumaa pale pale. Alikumbuka uzito wa furushi. Alikumbuka kuwa hajapata kuziona nguo hizo kwenye kamba ya Bi Biasha. Nguo gani za kufua kila siku ambazo hazianikwi? Akafahamu.

Maji yalikuwa yakipita karibu na miguu yake kuelekea mferejini. Angeziachia tu zile karafuu, zingekwenda na maji, na hakuna ambaye angejua kitu. Mambo yangekwisha. Lakini yangekwisha kwake yeye. Kwa Usi ndiyo kwanza yangeanza. Alifumba kiganja, akarudi nyumbani bila ya kikapu, bila ya ndoo.

Baba yake alikuwa ukumbini akishona kifungo cha shati la sare. Mama yake alikuwa akifunga mkanda.

"Baba," alisema Kidawa, akakifumbua kiganja, "karafuu nnazitoa mie."

Aliwaeleza yote huku akilia. Mwatum aliuacha mkanda, akakaa juu ya kitanda. Mcha aliweka shati chini taratibu.

"Ulipotoka na furushi, nani alikukagua?"

"Hapana mtu."

"Hata mie?"

"Hata wewe, baba."

Mcha alijifunika uso kwa viganja. "Basi Usi hana kosa," alisema. "Wewe umekosa kidogo. Kosa kubwa ni langu mie na mama yako. Tumekagua mji mzima, tukamwacha wetu."

"Mume wangu," alisema Mwatum kwa sauti ndogo, "tumrejeshee msimamizi karafuu zake, tumwambie mwizi kapatikana. Haya ya Kidawa yana haja gani kusemwa? Kibali ndio hicho tushakikaribia."

Mcha alitikisa kichwa. "Kibali nnakitaka ili watu waniamini na mali zao, Mwatum. Nikikipata kwa kuficha, wataniamini kwa lipi? Nami nitawezaje kumtazama Usi?"

Mwatum alifuta machozi. "Kweli," alisema. "Twende."

Walianza kwa Bi Biasha. Walibisha hodi, wakamwamkia kama kawaida, kisha Mcha akaziweka zile karafuu chache juu ya mkeka mbele yake. Bi Biasha alizitazama, akainama. Hakukana. Alifungua kasha mwenyewe, na ndani yake mlikuwa na karafuu kiasi cha kumwumiza roho yeyote aliyempenda bibi yule.

"Msimu ukimalizika sina pa kushika," alisema. "Nilijua mtoto hatoguswa."

"Ungetwambia una shida, bibi," alisema Mwatum. "Ukuta wetu mmoja."

Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Machano, na Kidawa pamoja nao. Mcha alisema kila kitu, hakuruka hata pale palipomuumiza yeye. Bwana Machano alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeweza kunyamaza juu ya mtoto," alisema. "Nisingejua."

"Naam, ningeweza."

"Na sasa langoni mtabadilisha nini?"

"Njoo utazame, bwana."

Mchana ule ule Bwana Machano alikwenda ghalani. Bi Biasha alikuwa amekwisha kuzirejesha karafuu na kuachishwa kazi. Alipomaliza kuzungumza na msimamizi, Bwana Machano alikwenda kutoka, akakuta msururu langoni. Mbele kabisa alikuwa Mcha, mifuko nje. Nyuma yake alikuwa Kidawa, ameweka kikapu chini na kutoa kitu kimoja kimoja: bakuli, chupa, kawa la kufunikia wali. Usi alitia mkono ndani ya kikapu akapapasa mpaka kwenye pembe.

"Haya, pita, Kidawa," alisema. Kisha akamgeukia aliyefuata. "Shikamoo, Bwana Machano. Nnaomba mkoba wako, tafadhali."

Msimamizi wa ghala alishika kichwa. "We kijana, unajua huyo ni nani?"

"Nnajua, bwana. Ndio maana nimemwamkia kwanza."

Bwana Machano alimtazama Usi. Akaufungua mkoba. Usi aliukagua sawasawa, akashukuru, akamrudishia. Bwana Machano akaondoka bila ya kutaja kibali, na wote wakabaki wakitazamana.

Jioni ile Mwatum alimkalisha Kidawa karibu yake. "Mwanangu, kutumwa utatumwa, na utakwenda. Sitaki uwe mkaidi kwa wakubwa. Lakini kabla hujatia mguu njiani, uliza kwa adabu: 'Nikiulizwa njiani, niseme nimebeba nini?' Mwenye mzigo wa halali hatokasirika."

Jumamosi ikapita kimya. Msimu ukafika mwisho, na karafuu zilizopimwa siku za mwisho zilikuwa kamili. Lakini ofisini hakukutoka habari. Mcha aliendelea kupiga pasi sare yake kama kawaida, ila usiku Kidawa alimsikia akikohoa kikohozi cha mtu asiyepata usingizi.

Siku moja Kidawa alikuwa akipeleka chakula, akapita mbele ya ofisi ya vibali. Bwana Machano alikuwa mlangoni.

"Wee si mtoto wa Mcha? Njoo. Mpelekee baba yako hii."

Ilikuwa bahasha kubwa, imefungwa. Kidawa aliipokea kwa mikono miwili. Miguu ilitaka kwenda. Akaizuia.

"Samahani, bwana," alisema kwa sauti nyembamba. "Nikiulizwa njiani, niseme nimebeba nini?"

Bwana Machano alimkazia macho. Kisha akacheka, kicheko kikubwa ambacho hakuna aliyepata kukisikia katika ofisi ile.

"Sema umebeba kibali," alisema.

Sijui Kidawa alifikaje Malindi siku ile, maana chai nusu ilimwagika kikapuni. Usi alikuwa amesimama langoni, mkono mbele.

"Kikapu, Kidawa."

Alikiweka chini. Usi akapapasa, akaiona bahasha. "Na hii?"

"Kibali," alisema Kidawa, naye akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Walinzi wote walikusanyika. Mwatum alitoka nyuma ya pazia lake, na wachambuzi wakapiga vigelegele. Mcha aliifungua bahasha, akaisoma karatasi, akaikunja. Kisha akamvuta Kidawa mbele yake, akamshika mabega.

"Watu watasema kibali hichi kimetoka ofisini kwa Bwana Machano," alisema. "Wacha waseme. Sisi tujue kwamba kimetoka bombani, asubuhi ile mtoto huyu alipokuwa peke yake na hapana aliyemwona, akakataa kuzitupa zile karafuu. Mlinzi wa kweli ni yule anayejilinda mwenyewe pale ambapo hapana mwengine wa kumlinda. Hayo mengine, sare na filimbi, tunafundishana uwanjani."

Zamu yake ilikuwa imekwisha. Akageuza mifuko yake nje, akasimama mbele ya Usi. Safari hii Usi hakutazama pembeni.