Utepe wa Babu Athanas

Kila Jumamosi Theopista alifagia uani, akawakatia mbuzi majani, kisha akapita migombani kwenda kumwamkia Bibi. Njiani palikuwa na kaburi la Babu Athanas, aliyezikwa humo humo kihambani mwake, shamba la ukoo, kabla ya Kwaresima.

Jumamosi hiyo kulikuwa na kazi nyingine. Kesho yake binamu yake Given angepokea Komunio ya Kwanza, na mwaka ule kahawa haikulipa. Mama alitoa chini ya godoro karatasi ya zawadi iliyotumika Krismasi.

"Ipige pasi, itang'aa tena. Utepe utafute sandukuni," alisema, akaenda zake sokoni Himo.

Sandukuni hamkuwa na utepe. Theopista akakumbuka ule mwekundu uliofunga shada la maua kaburini kwa Babu. Maua yenyewe yalishanyauka, nani angejua? Akaenda, akaufungua upesi upesi.

Lakini alipoupiga pasi, harufu ya udongo wa kaburini ikajaa chumbani. Loo! Nje majani makavu ya migomba yakachakacha, naye akasikia kikohozi cha Babu kabisa. Akafunga dirisha. Kikohozi hakikukoma.

Mama aliporudi alifurahi. "Ee, zawadi imependeza! Utepe umeupata wapi?"

"Sandukuni, mama."

Jioni Bibi akaja, macho mekundu. "Mbuzi wenu hao! Wamekula utepe wa mzee wangu. Aliufunga kwenye kitenge cha kwanza alichonipa tukiwa wachumba. Ukafunga zawadi za ubatizo wa watoto wangu wote. Nikamrudishia mwenyewe siku tuliyomzika." Akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Chakula kikamshinda Theopista. Aliogopa kaburi, lakini machozi ya Bibi aliyaogopa zaidi. Akakimbilia mpakani mwa kihamba, akachuma isale, lile jani ambalo Mchagga akiletewa hana budi kusamehe. Akarudi, akapiga magoti mbele ya Bibi, akalitoa kwa mikono miwili pamoja na zawadi.

"Bibi, mbuzi hawana kosa. Ni mimi. Nimemwibia Babu, na mama nimemdanganya."

Bibi aliupapasa utepe kwa kidole. Kisha akalipokea jani.

"Nimekusamehe. Mama yako naye umwombe radhi. Utepe uache hapo hapo, ufunge zawadi ya Given. Babu yako hakuwahi kukosa sherehe. Ila kuurudisha, utaurudisha wewe."

Kesho yake, baada ya sherehe, yeye na Bibi wakasimama kaburini. Theopista akaufunga utepe kwenye shada. "Babu, nisamehe," akasema, akilia.

"Kutumia kitu tena si aibu," Bibi akamwambia. "Babu yako mwenyewe hakutupa hata kipande cha karatasi. Lakini cha mtu huombwa, hata kama mwenyewe amelala. Ungeniomba, mjukuu wangu, ningekufungulia kwa mkono wangu."

Upepo ukapita migombani. Theopista akatega sikio. Yalikuwa majani tu.