Marahaba ya Bibi Limi

Serikali humlipia mtumishi wake nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, mradi aende kwao. Theonest alikuwa karani wa masjala mjini Shinyanga, na kwao hasa ni Kambarage, mtaa wa mjini humohumo, ambako mtu akipiga chafya husikika ofisini. Kwa nauli ya huko angenunua karanga. Kwa hiyo mwaka tisini na nne alimweleza mkuu wake, bila kupepesa macho, kwamba asili yake ni kijiji kimoja cha ufukweni mwa ziwa, upande wa Geita. Mkuu akagonga muhuri. Theonest akaenda kutazama ndege.

Naam, ndege. Mzungu mmoja wa utafiti wa madini alikuwa amemwachia darubini, na tangu hapo karani yule hakuwa na ugonjwa mwingine.

"Mwanaume aende likizo kutazama ndege," mkewe Paskalina alisema akimfungia mandazi ya safari, "halafu asirudi na hata mmoja wa kitoweo!"

Kijijini Theonest alipanga chumba kwa Bibi Limi, mjane aliyebanika samaki wa kuuza. Macho ya bibi yule yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Alimwita mgeni wake ng'wanawane, yaani mwanangu, akamwekea kila jioni samaki mnono kuliko wa kwake mwenyewe. Asubuhi Theonest akitoka na darubini shingoni alisema, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia huku akigeuza samaki kwenye chanja:

"Marahaba, ng'wanawane. Nisalimie hao ndege wako."

Nyuma ya jiko, juu ya mkuyu, fundichuma alikuwa amejenga. Ni yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, ambaye kiota chake ni kikubwa kama kibanda. Kila siku alishuka uani kudokoa matumbo ya samaki. Watu wa pale walimwogopa. Walisema nguo yako ikiingia kwenye kiota chake, na wewe umekwisha.

"Hebu nami nimwone huyo jambazi wangu," Bibi Limi aliomba siku moja. Akaishika darubini kwa vidole vyeusi, akachungulia, akacheka kama msichana. "Kumbe ana kope!"

Aliacha alama mbili za dole gumba kwenye vioo. Theonest alizifuta kwa leso, upesi mno.

"Ni masizi tu, baba," bibi akasema taratibu. "Hayaumi."

Juma lile Theonest aliona kitambaa cha njano kimeshindiliwa katikati ya vijiti vya kiota. Alifurahi. Alikuwa amesoma kwamba ndege huyo huokota chochote.

Juma lilelile mtoto wa jirani, Davis, alikufa kwa homa. Mama yake alikuwa ametafuta mbeleko yake siku nyingi. Ilikuwa ya njano.

Wakati huo mtendaji wa kijiji, Bwana Bujiku, alikuwa ameshamnyang'anya Theonest ile darubini.

"Kibali cha kutazama kiko wapi?"

"Kutazama ndege kunataka kibali, mheshimiwa?"

"Kutazama, hapana. Kutazama kwa chombo, ndiyo. Huku kuna dhahabu, na ndege hutua popote." Kisha akashusha sauti. "Tena barua yako ya likizo inasema kwenu ni hapa. Ukoo gani? Maana naweza kuulizia Shinyanga."

Theonest alihisi kazi yake ikining'inia kwa uzi.

Alasiri ya siku ya tatu ya msiba, sungusungu, walinzi wa kijiji, waliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Bujiku aliiweka darubini mezani, kando ya muhuri. Bibi Limi, aliyeshukiwa uchawi, alikaa chini, miguu ameinyoosha, peke yake.

"Bwana karani, wewe uliona kwa chombo. Ndani ya kiota kuna nini?"

"Kitambaa cha njano."

Mama Davis aliguna, kama aliyepigwa.

"Na ndege yule hutua kwa nani?"

Jibu lilikuwa na nusu mbili. Hutua kwa Bibi Limi. Hufuata matumbo ya samaki. Theonest alitazama darubini. Alimtazama Bujiku.

"Kwa Bibi Limi," alisema.

Nusu ya pili aliimeza. Hakusema uongo hata neno moja. Bujiku akamsogezea darubini yake, na habari za ukoo hazikuulizwa tena.

Bibi alitengwa. Asipewe moto. Asichotewe maji. Asisalimiwe, wala asiitikiwe. Atakayevunja atatengwa naye.

Asubuhi Theonest alitoka chumbani. Bibi Limi alikuwa kwenye chanja isiyo na moto. Hakugeuka.

"Marahaba," alisema.

Theonest hakuwa amesema kitu.

Akapita. Nyuma yake sauti ikaja tena, ya chini, kama ya mtu anayemkumbusha mtoto adabu. "Marahaba, ng'wanawane."

Siku ile hakuona ndege hata mmoja.

Asubuhi iliyofuata mlango ulikuwa wazi. Majivu yalikuwa ya baridi. Nyayo zilishuka hadi majini. Hazikurudi. Bujiku aliandika kwamba mkazi amehama bila kutoa taarifa, akagonga muhuri.

Theonest alirudi Kambarage kabla likizo haijaisha. Darubini aliifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo akautia mfukoni. Alfajiri moja alikuwa uani akipiga mswaki. Paskalina alikuwa akifagia.

"Marahaba."

Ilitoka nyuma ya ukuta. Karibu.

Paskalina aliacha kufagia. "Umemsalimia nani?"

"Sijasalimia mtu."

"Sasa huyo anaitikia nini?"

Nyuma ya ukuta hapakuwa na mtu. Kesho yake ikaja tena. Na kesho yake. Ilisogea. Langoni. Dirishani. Haikukasirika kamwe. Hilo ndilo lililomtesa zaidi: ilikuwa sauti ya mtu anayesubiri.

Mwishowe alishindwa. Ilipokuja, aliweka mswaki chini. Akapiga magoti pale uani, mbele ya mkewe.

"Shikamoo, bibi," alinong'ona. "Ni matumbo ya samaki. Alifuata matumbo tu. Nilijua."



Alingoja hadi jua likatoka. Hakuna aliyeitikia. Kukabaki harufu, nyembamba, ya samaki wa kubanika. Ilikuwa ikitoka ndani.

Sanduku lilikuwa limefungwa. Alilifungua. Darubini ilikuwa palepale alipoilaza, na kwenye vioo kulikuwa na alama mbili za masizi, za dole gumba.

Akachukua leso. Akafuta. Akavitemea mate, akafuta tena, hadi Paskalina akamshika mkono.

"Acha, baba. Hazitoki."

Akageuza darubini kwenye mwanga wa mlango, akaonyesha kwa ncha ya kidole, bila kugusa.

"Tazama vizuri. Ziko upande wa ndani wa kioo."